Mji wa Tuseme

Ofisini walimwita Bi Tuseme, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, mahali ambapo hakuna anayesoma. Hilo la Tuseme alilipata kwa haki. Hakuna aliyewahi kumsikia akianza jambo bila neno hilo. Tuseme mvua itanyesha kama ilivyonyesha miaka ya nyuma. Tuseme mafuta hayatapanda bei. Tuseme watu watanunua majokofu zaidi, viwanda vitafunguliwa, na watoto wanaozaliwa leo watakua wakipenda kulala na taa. Akishasema hivyo mara za kutosha, alibonyeza kitufe, kompyuta ikaenda zake kutembea miaka mingi mbele, kisha ikarudi na mchoro wa mistari ya rangi. Wakubwa waliipenda sana ile mistari. Mtu mzima na suti yake, ukimwonyesha mstari unaopanda, anatabasamu kama vile ameuzaa yeye.

Kazi yake ilikuwa kuijengea idara ya umeme modeli, yaani mji wa kwenye hesabu, wenye mto wake, bwawa lake, mitambo yake na watu wake, ili wakubwa wayaone yatakayokuwa kabla hayajawa. Haukuwa uongo, wala haikuwa ramli, ingawa mpiga ramli angalau humtazama mteja wake usoni. Ilikuwa ni kudhani kwa utaratibu. Dhana zote alizikusanya kwenye ukurasa wa mwanzo, ukurasa aliouita Tuseme, na kila aliyepita mezani kwake alimwomba asiutazame mchoro kabla ya kuusoma ukurasa huo. Wote waliitikia kwa heshima. Hakuna aliyeusoma.

Modeli ikishaanza kutembea, haina haraka. Alasiri chumba kilikuwa na joto, feni ya juu ikizunguka kwa uvivu, na Bi Tuseme alikuwa na desturi ya kulaza shavu juu ya mkono na kuingia kule ndani. Hakumwambia mtu. Utamwambiaje mwenzako wa kazi kwamba ule mji wa hesabu una barabara, na wewe unazitembea?

Zilikuwa safi mno zile barabara, kwa sababu hakuwahi kuupa mji ule vumbi. Mvua ilinyesha kwa adabu, ikaanza mwezi wake na kukoma mwezi wake, na kila tone lilijua linakwenda bwawani. Watu walikuwa wa kimo kimoja. Kila nyumba ilikuwa na wakazi wanne na nusu, kwa kuwa ndivyo sensa ilivyosema, na yule nusu alikaa kiti chake kwa ubavu, akala, akashukuru, wala hakuna aliyemshangaa. Bi Tuseme aliwasalimia, nao wakamwitikia kwa pamoja, kwa sauti ya wastani. Kisha kompyuta ililia mlio wake wa kumaliza, naye akaamka na alama ya kifungo cha saa shavuni.

Swali kubwa la mwaka ule lilikuwa Babu. Babu ni mtambo wa zamani wa mafuta mazito, upande wa bondeni, wenye bomba refu la moshi. Aliitwa hivyo kwa sababu kila akiamshwa hukohoa kwanza. Maji ya bwawa yakiwa mengi, Babu hulala. Yakipungua, anaamshwa ili mji usikae gizani. Ni mchafu, ni ghali, na vipuri vyake hutafutwa kama dawa ya jini. Idara ilitaka kumfunga moja kwa moja. Ila kabla ya kumfunga ilibidi mtu mmoja aseme mvua itakuwaje, na mtu huyo alikuwa Bi Tuseme.

Wataalamu wa hali ya hewa hawakumpa jibu, walimpa mafungu mawili ya majibu. Fungu moja lilisema nchi ya juu ya mto itapata mvua kuliko zamani. Fungu la pili lilisema itapungua, tena sana. Mafungu yote mawili yaliandikwa na watu wenye akili timamu na miwani mizuri. Basi akafanya kile wanachofanya wote wa kazi yake wakibanwa na muda: akajumlisha, akagawa kwa mbili, akapata mvua ya katikati, mvua ile ile ya siku zote, ambayo hakuna hata mmoja kati ya wale wataalamu aliyeitabiri. Akaandika: tuseme mvua itanyesha kama zamani. Modeli ikajibu kwamba bwawa litatosha na Babu anaweza kwenda kupumzika.

Na alilipenda jibu hilo. Hapa ndipo penye mfupa. Nyumba yao ilikuwa bondeni, chini ya lile bomba, na mama yake alikuwa ameuvuta moshi wa Babu miaka yote aliyolea watoto, mpaka kifua kikachoka. Sasa alipumua kwa msaada wa mashine ya hewa iliyokaa kando ya kitanda ikinguruma mchana na usiku. Waliiita Mpangaji, kwa sababu haitoki, haisaidii kufagia, na bili ya umeme inaletwa kwa wenye nyumba. Babu akifungwa, hewa ya bondeni itakuwa safi, na huenda mama akapata nafuu. Lakini Babu akifungwa na mvua isije, umeme utakatika, na umeme ukikatika Mpangaji ananyamaza. Palikuwa na mtungi mmoja wa hewa ya akiba. Ukiufungua wakati wa chai ya asubuhi, chakula cha mchana hakikuti kitu ndani. Hakuna dhana ambayo Bi Tuseme aliweza kuiandika bila kupita kifuani kwa mama yake.

Siku moja kabla ya kikao cha kuamua habari ya Babu aliletewa ripoti yake ikiwa imesafishwa lugha. Msafishaji alikuwa mhariri wa idara, Bwana Sanifu, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inaogopa, aliyewahi kurudisha tangazo la kufungwa choo kwa sababu halikuwa na kiima. Lugha aliipenda kwa dhati, hilo usimnyime. Bi Tuseme akafungua ukurasa wa mwanzo. Akaufunua wa pili. Akarudi wa kwanza. Tuseme zake zote zilikuwa zimeondoka, na kila pale ilipokuwa tuseme sasa paliandikwa imebainika. Imebainika kwamba mvua itanyesha kama zamani. Imebainika kwamba bei ya mafuta haitapanda. Hata ukurasa wenyewe ulikuwa na jina jipya: Yaliyobainika.

Alimfuata mezani kwake. Bwana Sanifu alimsikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake, akamweleza kwa upole kwamba lile neno lake ni la watoto wanaocheza nyumba na nyumba, tuseme mimi baba, tuseme wewe mama, na kwamba ofisi ya umma haiwezi kucheza nyumba na nyumba. Ofisi hubaini. Yeye mwenyewe alibaini vitu vingi kwa siku, mpaka sukari ikiisha kwenye kopo la chai aliandika kikaratasi kwamba imebainika sukari imekwisha.

"Lakini sukari uliiona imekwisha," Bi Tuseme akasema. "Mvua ya miaka ijayo nani ameiona?"

"Lisemwalo lipo, dada yangu."

"Na kama halipo?"

"Laja," akasema Bwana Sanifu, akainuka kwenda kunywa chai, maana methali alikuwa ameimaliza yote na hakuona kilichobaki.

Angeweza kumfuata. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Hakwenda. Alisimama pale akiitazama ile imebainika, na moyoni mwake kitu kikamnong'oneza kwamba si yeye aliyeiandika. Yeye aliandika ukweli, mwingine akaupaka rangi, na rangi hiyo ingemfunga Babu na kumletea mama hewa. Mbona asinyamaze? Akakunja ripoti, akaitia kwenye mkoba, akaenda nyumbani akijiambia kwamba mvua huwa inanyesha. Na kweli huwa inanyesha, mpaka pale isiponyesha.

Nyumbani alimkuta mama kakaa kitandani na bomba lake la puani, na shangazi, ambaye ni wifi ya mama na ndiye aliyeshinda naye mchana, akimenya viazi na kumwaga maneno. Mawifi hao walikuwa wametaniana tangu wasichana, na ugonjwa haukuwaachisha. Shangazi alikuwa akisema ndugu yake alioa mwanamke mzima na sasa ukoo umeachiwa mashine. Mama akamjibu kwamba mashine angalau umeme ukikatika hunyamaza, huyu wifi anashinda ananguruma. Bi Tuseme akawaamkia, akaitikiwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Umeme ukakatika, kama unavyokatika. Mpangaji akanyamaza, na ule ukimya ukaingia chumbani ukawa mkubwa kuliko chumba. Wote watatu walijua la kufanya, wakalifanya bila kusemeshana: shangazi akashika taa, Bi Tuseme akavuta mtungi, akageuza kishikio, akahamisha bomba. Mama alifumba macho na kuhesabu kitu kwa midomo. Haikuchukua muda umeme ukarudi. Hapo bondeni Babu alikuwa ameamshwa, wakamsikia akikohoa, kisha harufu yake ikapita dirishani.

"Huko kazini kwako," mama akasema alipopata pumzi, "huo mji mnaoujenga kwenye kompyuta. Mimi umeniweka wapi?"

Bi Tuseme akacheka, akasema mama yumo, wote wamo. Shangazi akadakia kuwa kama wifi yake yumo basi mji huo una kelele. Wakacheka. Lakini mama hakuwa ameuliza kwa utani, akaendelea kumtazama mwanawe mpaka mwanawe akainuka kwenda kuangalia viazi jikoni.

Asubuhi aliwahi ofisini, akaitembeza modeli kwa mara ya mwisho kabla ya kikao, kama mtu anayekwenda kuhakikisha amefunga mlango ambao anajua ameufunga. Feni ikazunguka. Akalaza shavu juu ya mkono.

Safari hii aliingia akimtafuta mtu. Alipita mitaa yake safi, akabisha hodi nyumba hadi nyumba, na kila mlango ukafunguliwa na mtu yule yule mwenye kimo kile kile. Aliuliza kama kuna mzee humu. Wakamwambia hakuna mzee wala kijana, humu kuna watumiaji. Akauliza kuna anayeumwa. Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kukohoa mjini mle, kwa kuwa hakuwahi kumpa mtu kifua. Yule nusu alinyoosha kidole chake kuelekea bondeni, Bi Tuseme akakifuata, na kule akaikuta nyumba yao, ukuta wao, na dirisha lile lisilofunga vizuri. Ndani palikuwa na kitanda kimetandikwa, hakina mtu.

Umeme ukakatika mjini mle. Aliona taa zikizima mtaa kwa mtaa, taratibu, kwa uzuri wa ajabu, na watu wote wanne na nusu wa kila nyumba wakakaa chini, wakakunja mikono, wakasubiri. Hawakuhangaika. Hakuna aliyevuta mtungi. Walisubiri kutwa nzima wakitabasamu, na jioni taa ziliporudi wakainuka kama walivyokaa.

"Mama yangu yuko wapi?" akamuuliza mmoja wao.

"Yumo kwenye wastani," akajibiwa kwa upole. "Hawezi kuumia."

Akaamka kabla ya mlio. Akaufungua ukurasa wake wa asili, ule wenye tuseme zake, akashuka nao mstari kwa mstari, akaipita mvua, akaipita bei ya mafuta, akayapita yote wanayobishania wakubwa, mpaka kule chini ambako hata yeye hakuwahi kurudi tangu aandike. Mstari alioutafuta ulikuwepo. Tuseme kaya ya kawaida inaweza kukaa bila umeme kutwa nzima pasipo madhara. Aliukumbuka mchana ule. Alikuwa anakula huku anaandika, mama yake akiwa mzima, na modeli ilihitaji namba mahali pale ili iweze kutembea. Hakuna mtaalamu aliyempa. Aliitoa kichwani, akaendelea kula. Mwaka baada ya mwaka ile namba ilikaa chini ya hesabu nyingine zote, na kila mara modeli ilipokuta giza, ilipita juu yake bila kuhesabu hasara yoyote. Sasa na yenyewe ilikuwa imebainika.

Aliona aibu, aibu ya kimwili kabisa, iliyompandisha joto shingoni. Mama alikuwa ameuliza swali la haki na yeye alikimbilia viazi.

Kikao kilikuwa alasiri hiyo. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema aliyechoka, mwenye kupenda mambo yaishe. Bwana Sanifu alisoma ripoti kwa sauti yake nzuri, na kwa kweli ilivutia masikio, imebainika hii ikifuata imebainika ile kama askari wa gwaride. Vichwa vilitikisika kwa kukubali. Mkurugenzi akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, kama mvua imebainika basi Babu apumzike, akanyoosha mkono kuchukua kalamu ya kusainia.

"Haijabainika," Bi Tuseme akasema.

Mkurugenzi akauliza ni kipi ambacho hakijabainika. Akajibu kwamba hakuna hata kimoja. Yeye aliandika tuseme. Akawaeleza habari ya mafungu mawili ya mvua, na ile ya katikati ambayo haikutabiriwa na mtu. Akawaambia kwamba mvua ikifuata fungu la pili, bwawa halitatosha, na mji utakaa gizani kwa vipindi virefu. Kisha akawasomea ule mstari wa chini, kaya na kutwa nzima, na akasema mstari huo hakuuazima kwa mtaalamu yeyote, aliutunga mwenyewe akiwa na mkate mdomoni. Bwana Sanifu aliitazama kalamu yake. Uso wake ulikuwa umesawijika, na Bi Tuseme akamhurumia, maana mhariri alipamba tu nyumba ambayo yeye Bi Tuseme ndiye aliyeijenga vibaya.

"Wewe si unakaa bondeni?" Mkurugenzi akamuuliza. "Nimesikia mama yako anaumwa kifua. Nilidhani wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kutaka huu mtambo ufungwe."

"Natamani ufungwe leo. Ningeweza kwenda kuufunga kwa mikono yangu." Akaiweka ripoti mezani. "Lakini mama yangu anaishi kwa mashine, mheshimiwa. Moshi unamuua polepole. Giza halitamsubiri. Na sijui ni nyumba ngapi zina mashine kama yake, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Niliandika tu kwamba hakuna."

Mkurugenzi aliirudisha kalamu mezani bila kuitumia, akasugua macho. Akasema kwa kunung'unika kwamba wahenga walionya usiache mbachao kwa msala upitao, na kwamba hajawahi kuuchukia mbachao kama huu. Babu atabaki. Injini moja tu, iamshwe pale maji yakipungua, mpaka mvua za misimu ijayo zipimwe na wenye mashine nyumbani wahesabiwe. Akamwagiza Bwana Sanifu arudishe tuseme zote mahali pake. Bwana Sanifu akauliza kama anaweza angalau kuandika ichukuliwe kwamba. Mkurugenzi akasema tuseme.

Hakuna aliyempongeza, na yeye hakutaka. Alirudi nyumbani kwa mguu jua likishuka, na kadiri alivyoteremka bondeni ndivyo alivyouona moshi vizuri zaidi. Ulitoka kwenye bomba ukainama juu ya mapaa. Mpaka asubuhi ile ulikuwa moshi wa idara. Sasa alihisi una jina lake ndani yake, na kwamba kila nyumba anayoipita ina haki ya kumsimamisha mlangoni na kumuuliza. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza nje kwenye harufu ile, wakamwamkia, akashindwa kuwatazama.

Shangazi alikuwa ameshaondoka. Mama alikaa kwa mito mitatu, dirisha likiwa wazi kidogo, Mpangaji akinguruma. Bi Tuseme hakuzunguka. Alimweleza yote akiwa amesimama: kikao, mvua, ule mstari, na kwamba Babu alikuwa anafungwa leo na yeye ndiye aliyezuia.

Mama aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalipanda na kushuka kwa ile kazi ngumu ya kupumua, na Bi Tuseme alilia bila kutoa sauti kwa sababu hakuona haki ya kulia kwa sauti.

"Ungenyamaza, nisingejua," mama akasema hatimaye, bado kautazama ukuta.

"Ndiyo, mama."

"Ningepata hewa."

"Labda. Mpaka mvua ikikataa."

"Na itakataa?"

Mdomo wake ulifunguka kwa mazoea, ukiwa tayari kuanza hesabu, mvua nyingi upande huu, mvua haba upande ule. Lakini mama alikuwa ameshageuka na anamtazama, na macho yake hayakuwa na wastani.

"Sijui, mama," akasema. "Sijui kabisa."

Mama akashusha pumzi ndefu kuliko zote za siku ile. Akajisogeza kidogo, kwa taabu, akaacha nafasi kitandani.

"Haya. Funga hilo dirisha, uje ukae. Tusijue wote wawili."

Dirisha lilikuwa gumu, ikambidi alisukume kwa bega. Kisha akavua viatu, akapanda, akajilaza kando ya mama yake, wakaisikiliza mashine.